Nyungunyungu wa Alamar

Mgeni atokaye katikati ya jiji la Havana kwenda Alamar hupita kwanza katika handaki lililochimbwa chini ya mlango wa ghuba, kisha hufuata barabara ya pwani kuelekea mashariki. Muda si mrefu huyaona majengo ya ghorofa, safu kwa safu. Ujenzi wake ulianza mwaka 1971, nao ulifanywa na wafanyakazi wenyewe, waliotolewa viwandani na maofisini ili wajijengee makazi pamoja na wenzao. Si mahali ambapo mtu angetazamia kukuta shamba.

Lakini mwaka 1997 watu wachache walianza kulima kiwanja kilichokuwa kitupu kati ya majengo hayo, na bustani yao ikapanuka hata ikafikia takriban hekta 11. Iliyowasukuma ni dhiki. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, Kuba ilikosa mafuta na mbolea ya chumvichumvi iliyokuwa ikiletwa kwa meli. Matrekta yakasimama, na familia za mjini zikapunguza mlo. Viwanja vya mjini vilikuwepo, ila udongo wake ulikuwa hafifu, na mboga haziwezi kula kifusi.

Hapo ndipo nyungunyungu alipopata kazi. Katika matuta marefu yenye kivuli alilishwa samadi ya ng'ombe na mabaki ya mboga, naye akatoa mboji nyeusi ya kuoteshea saladi, figili na nanaa. Mmoja wa wanaofugwa sana Kuba huitwa huko “mwekundu wa Kiafrika”, kwa kuwa asili yake ni Afrika ya Magharibi. Anapenda joto la nyuzi 25 hadi 30, yaani hali ya hewa ya pwani yetu hasa! Vitabu vingi vya ufugaji huu vimeandikwa katika nchi za baridi, navyo huhangaika na barafu. Kwetu adui ni jua. Sanduku likipata joto la kupita nyuzi 35, nyungunyungu hufa.

Basi, ndugu msomaji, sanduku la mbao au ndoo iliyotobolewa chini iwekwe uvunguni mwa mwembe au kwenye baraza isiyopigwa na jua. Nyungunyungu watafutwe ndani ya lundo la samadi kuukuu. Wale wa chini kabisa ardhini hawafai, kwani hawapendi kuishi katika taka. Samadi mbichi huchemka na kuwaua, hivyo iachwe majuma mawili au matatu ipoe. Maganda ya ndizi na majani ya chai ni karamu kwao. Nyama, mafuta, chumvi na ndimu wasipewe. Ukikamua konzi ya taka, lidondoke tone moja au mawili, si zaidi. Ili kuzuia sisimizi, miguu ya sanduku isimamishwe katika makopo ya maji, kama mama zetu walivyofanya kwa kabati la chakula.

Baada ya miezi mitatu hivi, mwaga yote juu ya gunia mahali penye mwanga. Nyungunyungu, ambao huchukia mwanga, watazama chini. Wewe kwangua mboji ya juu kidogo kidogo. Konzi moja yatosha shina la nyanya.