Kutoka Niru Hadi Granaiti

Mwenye nyumba mpya akiingia duka la vifaa vya ujenzi Busia leo, swali lake la kwanza ni: "Hii ni granaiti ya kweli?" Nilipokuwa nikikua, hakuna aliyeuliza hivyo. Tuliuliza kama imekauka.

Miaka ya 1990, aliyekuwa na kaunta jikoni alikuwa na zege. Kwa shangazi yangu Tororo, fundi alimwaga zege juu ya kuta mbili fupi za matofali, akaisawazisha, kisha akapiga niru: alinyunyiza saruji kavu juu ya ile mbichi na kuikandamiza kwa mwiko wa chuma hadi ikang'aa. Saruji ilikuwa ya mji huo huo, wenye kiwanda tangu miaka ya 1950. Wenye pesa walikuwa na terazo, yaani saruji iliyochanganywa na vipande vya mawe, ikasagwa kwa mashine na maji hadi ikawa laini. Terazo haikumficha mtu kitu. Vipande vyake ulivihesabu kwa macho.

Baadaye vikaja vigae, na kisha mabamba ya mawe kutoka India na China, yaliyopanda barabara kutoka Mombasa. Kituo cha pamoja cha forodha Busia kilipozinduliwa mwaka 2018, biashara ya kuvuka mpaka wa Kenya na Uganda ilikuwa imechangamka, na maduka ya pande zote mbili yalikuwa yakiuza kitu chochote kinachong'aa kwa jina moja: granaiti. Ndani ya jina hilo mna marumaru, mna mbao zilizobandikwa karatasi yenye picha ya jiwe, mna pia kwarzi ya kiwandani, ambayo ni chenga za mawe zilizoshikanishwa kwa gundi ya plastiki. Sufuria ya ugali ikitoka motoni moja kwa moja na kuwekwa juu ya kwarzi hiyo, gundi inaweza kuungua na kuacha alama isiyotoka.

Watu wakaanza kubeba ndimu dukani ili kulijaribu jiwe. Nawaelewa. Shuleni mwalimu wetu wa jiografia alidondosha asidi juu ya jiwe la chokaa la Tororo, likatoa povu mbele ya macho yetu. Miamba ya chokaa ya pale ilitokana na volkano, na bado hufanya kama chokaa yoyote. Marumaru ni ya jamii hiyo hiyo. Tone la ndimu likikaa juu yake, mng'ao hufifia pale pale. Lakini terazo nayo hufifia, kwa sababu ya saruji. Granaiti halisi haishtuki, na kwarzi ya kiwandani pia haishtuki. Ndimu basi hukuambia kama kuna chokaa, haikuambii kama jiwe lilichimbwa au lilipikwa.

Ninachokiamini mimi ni ukingo. Tazama tundu la sinki lilipokatwa, kabla fundi hajapiga silikoni. Katika jiwe la kuchimbwa, mishipa na madoa ya juu hushuka hadi chini, na hakuna madoa mawili yanayolingana. Katika bandia ya karatasi, rangi huishia juu, chini ni unga wa mbao. Ukikuta wavu wa nyuzi umegandishwa mgongoni usiogope. Mawe halisi mengi huwekewa wavu yasivunjike njiani. Na ujue uzito: bamba la granaiti la milimita 20 lina kilo zaidi ya 50 kwa mita ya mraba, yaani zaidi ya mfuko wa saruji. Kijana mmoja akilibeba begani bila kuhema, uliza tena.

Jambo linaloniuma ni malori. Marumaru halisi ya Karamoja huteremshwa hadi Tororo, yakasagwa kuwa saruji, huku nyumba zilizo kando ya barabara hiyo hiyo zikinunua picha ya marumaru kutoka ng'ambo. Viwanda vya kuyakata na kuyang'arisha vingestahili kuwa hapa.

Hata hivyo, marumaru halisi kwa jiko letu la ndimu, ukwaju na nyanya kila siku siyashauri, yatachakaa mapema. Chukua granaiti, au terazo ya fundi mzuri ukikubali kwamba ndimu itaififisha. Na kabla ya kulipa, omba uonyeshwe kile kipande kilichotoka kwenye tundu la sinki. Muuzaji asiye nacho akupe bamba jingine lililokatwa, au uende duka la pili.