Saruji kwa jina langu

Dar es Salaam,
Jumatatu usiku

Mwanangu,

Salamu zako zilifika, nasi tu wazima, ila goti la mama yako mkubwa linamsumbua akipanda ngazi. Kilichonikalisha mezani saa hizi si salamu. Nimesikia, tena si kwa mtu mmoja, kwamba umechukua saruji mifuko 20 na mabati pale Emali bila kulipa hata senti, na ulipoulizwa ukajibu, "Baba mkubwa analipwa dola na Wamarekani."

Najua lilikoanzia. Ni ile picha niliyokutumia, nimesimama kando ya gari jeupe, nimevaa suti na beji nyeusi kifuani. Gari ni la kazi. Suti ni ile niliyostaafu nayo ualimu, unaijua. Wamisionari wazee wa Kanisa letu hawana mshahara. Mume na mke hujitolea miezi 6, 12, 18 au 23, kadiri ya nguvu zao, na gharama ni zao: chakula, nauli, vocha ya simu. Sisi tulichagua 18, imebaki 11. Pensheni yangu na akiba ya mama yako mkubwa ndizo hizo dola.

Nikueleze siku yetu ilivyo, ukamweleze na mwenye duka. Saa 11 alfajiri tuko macho, tunasoma maandiko na kuomba, kisha nanunua umeme wa LUKU kabla haujatukatikia. Halafu tunazunguka nyumba wanazokaa wamisionari vijana. Hao ndio wanaotembea juani wawili wawili kuhubiri. Sisi tunawaangalia wao, tena tunawasaidia viongozi wa matawi. Nakagua mitungi ya gesi, vichungi vya maji, vyandarua vilivyotoboka. Mvulana wa miaka 19 anaitwa Mzee kwa cheo chake kanisani, nami wa miaka 71 naitwa Mzee vilevile, na akiitika kabla yangu nanyamaza.

Unesi wa mama yako mkubwa umekataa kustaafu. Mwenye homa anampeleka kupima malaria, mwenye huzuni anampikia. Juzi mmoja alimaliza kuongea na kwao kwa simu (tangu 2019 wanaruhusiwa kila wiki, zamani ilikuwa Krismasi na Siku ya Akina Mama tu) akajifungia chooni analia. Akapikiwa muthokoi. Hapa wana makande, chakula kizuri, ila si muthokoi, na usimwambie mtu kwamba nimesema. Jioni tunatembelea waumini. Chai hatunywi, unajua, Neno la Hekima la Kanisa letu linatukataza. Wenyeji wameshatuzoea, wanatuchemshia mchaichai.

Narudi kwenye saruji.

Marehemu baba yako hakukusimulia habari ya baiskeli, basi nitakusimulia mimi, ingawa mama yako mkubwa ananitupia jicho la kusema yaishe. Mwaka 1978 nilikuwa mwalimu mgeni huko Taita. Niliporudi likizo ya Desemba, mwenye duka wa kwetu alinikaribisha soda. Nikafurahi, nikadhani ni heshima ya ualimu. Nilipoweka chupa chini akafungua daftari. Baiskeli mpya, na kengele yake na dinamo yake, imeandikwa jina langu. Baba yako alikuwa amemwambia, "Kaka yuko serikalini, atalipa." Nikalipa, miezi 14, kwa sababu nyanya yako alinisihi nisimwaibishe mdogo wangu. Mahari ikachelewa. Harusi yetu iliyokuwa ifanyike 1979 ikafanyika 1980, na aliyeketi hapa kando yangu hajalisahau hilo.

Pedali za baiskeli ile sikuwahi kuzikanyaga. Niliipanda mara moja tu: nilishikwa na homa usiku, baba yako akanifunga kwa shuka kwenye keria, akasukuma mlima na bonde mpaka zahanati. Sijui hilo nilihesabu upande gani. Lakini hata usiku ule hakutaja deni, wala mimi sikulitaja. Tulinyamaza hivyohivyo mpaka tukamzika.

Angeniomba ningempa. Nilipofika hapa nilikuwa naingia dukani nasema, "Nipatie mkate," watu wananitazama kama nimewatukana. Hapa mtu husema "naomba mkate" na hela anayo mkononi. Mimi niliyefundisha Kiswahili miaka 34 ndimi ninayefundishwa neno hilo uzeeni. Wewe uliponiandikia mwezi wa nne ulisema nyumba inaendelea vizuri. Hukusema inaendelea kwa jina la nani.

Fahali wa nyanya yako usiwaguse kwa ajili ya deni hili. Mtoto apelekwe chanjo. Na kanisani usikose kwa kumkwepa mtu. Mimi na mama yako mkubwa tuliuza fahali wawili tukaenda kuunganishwa milele kama mume na mke katika hekalu la Johannesburg, kwa kuwa la karibu halikuwepo. Ninyi mna hekalu Nairobi tangu Mei 2025, nauli ya matatu tu kutoka Emali, na hujafika hata langoni.

Jumamosi nenda kwa huyo mwenye duka, mchana, watu wakiwepo kama walivyokuwepo ulipokopa. Mwambie deni ni lako, mpatane utalipa kiasi gani kila mwezi. Mifuko ambayo hujafungua mwombe airudishe dukani kabla ya mvua, isije ikaganda. Kisha piga picha ukurasa wa daftari nione jina langu limekatwa, lako limeandikwa. Ukikwama baada ya hapo, niandikie. Lakini uandike "naomba".

Mama yako mkubwa anauliza kama yule ng'ombe mwekundu ameshazaa, na ni ndama gani.

Baba yako mkubwa