Chuo Kikuu Chenye Mtu Wake Kila Wilaya

Mwaka 1936 Chuo Kikuu cha Wisconsin, hapa Madison, Marekani, ninapoishi, kilimwajiri mchoraji. Aliitwa John Steuart Curry, mtoto wa mkulima kutoka Kansas, na kitivo alichopewa ni cha Kilimo. Hakupangiwa vipindi vya kufundisha. Alitakiwa achore, na azunguke mashambani kuwatembelea wakulima waliokuwa wakichora picha zao baada ya kukamua ng'ombe, akae nao, azitazame, awatie moyo. Kuanzia 1940 picha za wakulima hao zikawa zinaoneshwa chuoni.

Mimi nimekulia Morogoro, mji wenye chuo kikuu cha kilimo chini ya milima ya Uluguru na kingine jirani, pale Mzumbe, na habari ya mchoraji huyu imenikaa kichwani kwa muda mrefu. Waliomleta waliona kwamba kijiji chenye mahindi mengi lakini kisicho na lake la kusema kitakimbiwa na vijana wake. Miaka michache baadaye, mwaka 1945, alikuja Robert Gard, naye akaanza kuzunguka jimbo akiwasaidia wanavijiji kuandika na kuigiza tamthilia za maisha yao wenyewe.

Msingi wa yote haya uliwekwa na Charles Van Hise, mkuu wa chuo kuanzia 1903, aliyesema hataridhika mpaka manufaa ya chuo yaifikie kila familia ya jimbo. Mwaka 1914 sheria ya Smith-Lever ikaweka fedha za ugani nchi nzima. Leo Wisconsin ina kaunti 72, na ugani wa chuo unazihudumia zote. Gharama zinabebwa kwa pamoja na serikali kuu, jimbo na kaunti yenyewe.

Kwa mtu wa kawaida maana yake ni hii. Mwenye bustani anachimba udongo sehemu kadhaa, anauchanganya kwenye ndoo, anatia kiasi kwenye mfuko na kuupeleka maabara ya chuo. Majibu yanarudi yakieleza uchachu wa udongo, fosforasi, potasiamu, na mbolea kiasi gani kwa zao gani. Asipoelewa anapiga simu ofisi ya kaunti, na anayepokea ni mtumishi wa chuo. Swali lake linapanda hadi kwa mtafiti na jibu linashuka kwa njia ileile.

Au njoo Eagle Heights, kwenye nyumba za wanafunzi wenye familia. Kuna bustani kubwa juu ya ardhi ya chuo, iliyokatwa vipande vidogo vidogo. Nimevuna mchicha na majani ya maboga pale, huku jirani wa upande mmoja akipalilia kabichi za kwao Korea na wa upande wa pili, mama wa Kihmong, akifunga miche ya pilipili kwenye vijiti. Tunapeana mbegu. Watoto wanajifunza majina ya mboga kwa lugha tatu nne bila mwalimu.

Sisemi haya kusifia ugenini. Ardhi ya Madison ni ya watu wa Ho-Chunk, waliolazimishwa kuiachia kwa mkataba wa 1832, na vyuo vya aina hii vilipata mtaji wao kupitia sheria ya Morrill ya 1862, kwa ardhi zilizotwaliwa kutoka kwa wenyeji. Hilo lazima lisemwe kila mema yao yanapotajwa.

Tena nyumbani wazo hili si geni, na upande wa sanaa tulilifikisha mbali zaidi. Mwaka 1982 na 1983 wanasanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walifanya kazi kijijini Malya, Kwimba. Hawakubeba tamthilia iliyokwisha kuandikwa. Wanakijiji ndio waliotaja yanayowasumbua, mimba za wanafunzi zikiwemo, na vijana wakayatengenezea onyesho kwa ngoma zao wenyewe. Kisha mjadala ukafunguliwa mbele ya wazee na viongozi. Binti asiyepewa nafasi ya kusema kwenye mkutano wa kijiji alisikika uwanjani. Mwaka 1996 mbinu hizo zikazaa mradi wa Tuseme, kwa ajili ya wasichana wa shule za sekondari.

Tofauti ninayoiona ni ya ajira. Curry alipofariki 1946, nafasi yake ilibaki, na mwaka 1948 akaajiriwa Aaron Bohrod. Malya hapakuwa na nafasi ya kumrithisha mtu. Ilikuwa kazi ya walimu wenye vipindi vinavyowasubiri Dar es Salaam.

Kule kwetu milimani kuna ushahidi wa kinachotokea chuo kikikaa. Miaka ya 1980 SUA, kile chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, kwa msaada wa Norwe, kilipeleka mbuzi wa maziwa Mgeta, kwenye miteremko mikali ambako kufuga ng'ombe ni shida. Watafiti waliendelea kurudi mwaka baada ya mwaka. Mbuzi wakazaliana, maziwa yakaingia kwenye vikombe vya watoto, samadi ikaingia kwenye matuta ya mboga. Hiyo ndiyo kazi ninayoitaka iwe ya kawaida.

Badala yake, kawaida yetu ni mwanafunzi wa fildi. Anafika kijijini na dodoso, watu wanaacha majembe kumjibu kwa Kiswahili au Kiluguru, anaondoka, na ripoti inaandikwa kwa Kiingereza na kubaki idarani. Afisa ugani wa kata yuko chini ya halmashauri, hana kamba inayomuunganisha na maabara ya chuo iliyo mji uleule. Linaniuma, kwa sababu pande zote mbili zimejaa watu wenye nia.

Ningeanzia Morogoro. Halmashauri zetu tayari zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikundi hivyo vinahitaji mtu wa kuwaeleza udongo wao, hesabu zao na soko lao. SUA na Mzumbe viweke mtumishi mmoja wa kudumu kwenye kila halmashauri ya mkoa, mshahara wake ugawanywe kati ya chuo, halmashauri na wizara, na ripoti ya kila mwanafunzi wa fildi isomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano wa kijiji kabla haijasahihishwa. Pamoja na mtumishi huyo aajiriwe manju mmoja wa ngoma, kwa mkataba wa kudumu kama wa mwenzake, na jina lake liandikwe kwenye orodha ya watumishi wa kitivo cha kilimo.