Gesi Hailiwi

Wateja wa baba yangu walikuwa na sentensi moja: "Fundi, friji limeisha gesi." Waliisema kama mtu anavyosema jiko limeisha mkaa au pikipiki imeisha petroli. Baba, kwenye kibanda chake cha ufundi Ngamiani, Tanga, naye alikuwa na jibu moja: "Gesi hailiwi."

Nilipokuwa mdogo nilidhani ni ubishi tu wa mafundi. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba maneno yale mawili yalibeba ufundi wake wote. Ndani ya friji gesi huzunguka kwenye bomba lililofungwa kila upande. Haichomwi, na haipungui eti kwa sababu watoto wamefungua mlango mara kumi kutafuta maji ya baridi. Iliyotiwa kiwandani ndiyo inayopaswa kuwemo miaka kumi baadaye. Ikipungua, pana tundu. Fundi anayeongeza gesi bila kulitafuta tundu anajua fika kwamba baada ya miezi michache ataitwa tena na kulipwa tena. "Kuvuja kwa pakacha," baba alikuwa akisema huku akipaka povu la sabuni kwenye viungio, "nafuu kwa mchukuzi." Wengi huitumia methali hiyo kwa utani. Yeye aliitumia kama shtaka.

Siku hizi mimi ni mwanafunzi wa ufundi Portland, katika jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani. Huku nyumba nyingi hupashwa moto kwa mafuta yanayoletwa na lori na kumiminwa kwenye tangi chini ya nyumba. Mwaka 2019 jimbo lilijiwekea lengo la kufunga pampu za joto 100,000 ifikapo 2025. Lengo lilitimia 2023, miaka miwili kabla ya wakati. Pampu hizo zilihitaji mikono ya kuzifunga, na miongoni mwa mikono hiyo imo ya watu waliokuja kutoka Kongo, Burundi, Angola, Somalia, na mmoja wa Tanga.

Nilipomweleza baba kwa simu kwamba nafunga mashine inayochota joto nje, kwenye theluji, na kulileta ndani, alinyamaza kidogo. Kisha akacheka. "Kumbe ni friji," akasema. "Mmeligeuza tu. Mlango mmeuelekeza uani, mgongo mmeuingiza sebuleni."

Sijasikia maelezo bora kuliko hayo, wala darasani sikuyasikia. Weka mkono nyuma ya friji linalofanya kazi: mara nyingi pana joto. Sehemu ya joto hilo ilikuwa ndani ya maziwa na samaki. Friji halitengenezi baridi, linahamisha joto. Pampu ya joto inafanya jambo lile lile, ila "friji" lake ni ulimwengu mzima ulio nje ya dirisha.

Mtu atauliza: kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, joto gani hilo la kuhamishwa? Sifuri tunayoitumia ni ya maji kuganda tu. Sifuri halisi, pale ambapo hapana joto lolote la kuchukua, iko nyuzi 273 chini zaidi. Hewa inayotukata masikio ya Maine bado iko nyuzi 255 juu ya hapo. Joto limo. Tatizo ni kwamba haliendi lenyewe kutoka penye baridi hadi penye joto, kama maji yasivyopanda mlima yenyewe. Lazima lidanganywe.

Gesi ndiyo mdanganyaji. Ile iitwayo R-410A, ikiachwa wazi, huchemka kwenye nyuzi kama 50 chini ya sifuri. Kwenye koili ya nje huingia ikiwa baridi kuliko hata hewa ya theluji, kwa hiyo joto la hewa huiendea, nayo inachemka na kuwa mvuke. Kompresa inaubana mvuke huo, na ukibanwa unapanda moto. Mtu aliyewahi kujaza upepo kwenye tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jinsi pampu inavyopata moto. Mvuke huo wa moto unapita kwenye koili ya ndani, feni inaupuliza, nao unatoa joto lake sebuleni na kurudi kuwa majimaji. Mwisho hupita kwenye vali nyembamba, mgandamizo unashuka ghafla, ubaridi unarudi, na safari inaanza upya. Umeme hautumiki kutengeneza joto hilo lote. Kazi yake kubwa ni kulibeba. Ndiyo maana sehemu moja ya umeme inaweza kuleta sehemu tatu za joto siku ya baridi ya kawaida, na kama mbili baridi inapozidi.

Wazo lenyewe si jipya. William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alilieleza mwaka 1852. Mwaka 1938 ukumbi wa mji wa Zürich, Uswisi, ulifungiwa pampu iliyochota joto kwenye mto Limmat unaopita mbele yake. Lakini kujua kwamba jambo linawezekana ni kitu kimoja, na kuwasha mashine nyumbani kwa mtu ikafanya kazi ni kingine.

Januari 2024 mimi na mzee ninayejifunza kwake tuliitwa kwenye ghorofa ya tatu ya nyumba ya mbao. Mpangaji alikuwa mama wa Bukavu aliyekuwa akiishi na wajukuu wawili. Pampu ilikuwa imefungwa na kampuni nyingine tangu majira ya majani kuanguka, na tangi la mafuta halikujazwa tena, kwa kuwa mwenye nyumba aliambiwa halihitajiki. Mashine ilikuwa inawaka. Taa yake ilikuwa ya kijani, feni inazunguka. Lakini hewa iliyotoka ilikuwa ya uvuguvugu, nyuzi 21, na chumba kilikuwa na nyuzi 13. Watoto walikuwa wamevaa makoti mezani. Jikoni, jiko la gesi lilikuwa linawaka na mlango wa oveni umeachwa wazi ili lipashe nyumba.

Mzee hakugusa pampu kwanza. Alikwenda kuzima jiko, akafungua dirisha, akatoa kipimo cha hewa ya sumu. Kila baridi hukuta watu wanaokufa usingizini kwa njia hiyo, kwa kaboni monoksaidi isiyo na harufu. Mama alidhani tumekuja kumwongezea baridi. Nilimweleza kwa Kiswahili, na uso wake ulibadilika mara mbili: mara ya kwanza kwa kusikia lugha, mara ya pili kwa kuelewa nilichosema. Aliwatazama wajukuu, akakaa.

Mwenye nyumba alikuwa kwenye simu. "Ongezeni gesi tu mwondoke," alisema. Alikuwa analipa kwa saa. Nje, kwenye kiungio kimoja, mzee alipitisha kidole chake na kunionyesha: kilikuwa na mafuta. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, kwa hiyo inapovuja huacha alama. Mdomo wa bomba la shaba hutanuliwa kama tarumbeta, kisha hukazwa kwa nati. Huu ulikuwa umetanuliwa kombo. Tuliivuta gesi iliyobaki kwenye mtungi na kuipima kwenye mizani. Kibandiko cha mashine kilisema gramu 1,150. Tulipata gramu 690.

Mzee alimwambia mwenye nyumba kwamba hataongeza gesi kwenye tundu. Akamwambia pia kazi itachukua mchana mzima. Palikuwa na ukimya, kisha matusi kidogo, kisha ruhusa.

Kuanzia hapo tulifanya kile ambacho kilipaswa kufanywa siku ya kwanza. Tulikata ule mdomo, tukatanua mwingine, tukaukaza kwa spana inayopima nguvu, maana nati ikilegea inavuja na ikizidi kukazwa inapasua shaba. Tukajaza naitrojeni hadi pauni 500 kwa inchi mraba, tukapaka povu la sabuni, tukasubiri nusu saa tukitazama geji. Haikushuka. Tukaiachia naitrojeni, tukafunga pampu ya vakyumu.

Hapo ndipo wengi huruka. Pampu ya vakyumu hainunuliwi na mteja kwa macho, maana haionekani ikifanya lolote. Inanguruma tu, inanyonya hewa na unyevu kutoka kwenye bomba. Hewa ya kawaida ina mgandamizo wa mikroni 760,000. Sisi tunataka chini ya 500. Hatuwezi kukausha bomba kwa kitambaa, kwa hiyo tunayachemsha maji yaliyomo bila moto. Wanaofika kilele cha Kilimanjaro huona maji yakichemka kwenye nyuzi kama 80, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Shusha mgandamizo zaidi na zaidi, na maji yatachemka hata ndani ya bomba baridi la Januari, yageuke mvuke na kunyonywa. Yakibaki, yatachanganyika na mafuta na gesi, yazae asidi, na asidi itaila kompresa polepole kutoka ndani. Mteja hataliona kosa hilo mwaka wa kwanza, na huenda hata wa tatu.

Baba hakuwa na pampu ya vakyumu. Alitumia kompresa ya friji bovu, akaigeuza ivute badala ya kusukuma. Haikufika mikroni 500, na hakuwa na mita ya kumwambia. Lakini aliiacha ivute tangu adhuhuri hadi alasiri huku wateja wakimnung'unikia.

"Muko nangoja nini?" mama wa Bukavu aliuliza baada ya saa moja ya mngurumo.

"Tunangoja pasiwe na kitu, Mama," nilimjibu.

Alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Munalipwa kwa kungoja bule?"

Nilimweleza habari ya gesi kutoliwa. Alinisikiliza kwa makini, kisha akasema kwamba kwao pia kuna mafundi wanaotengeneza kitu ili kiharibike kesho. Akaamka kutuchemshia chai, safari hii kwa birika la umeme.

Tulifika mikroni 380. Tukafunga vali na kuizima pampu, kisha tukatazama namba ikipanda. Ikipanda bila kusimama, kuna tundu. Ikipanda kidogo na kutulia juu, kuna unyevu. Ilipanda hadi 430 ikasimama kwa dakika kumi. Ndipo tulipoweka gesi mpya kwa mizani, gramu 1,150 kamili. Mashine za sasa hubadilisha kasi ya kompresa zenyewe, kwa hiyo geji pekee inaweza kukudanganya. Mizani haidanganyi.

Tukapima umeme. Tukamwaga kikombe cha maji kwenye sinia la mashine ya ndani, tukaona yanatoka nje kwenye mrija. Tukawasha joto hadi mwisho, na mzee akasema hakuna kupima chochote kwa dakika 20. Baada ya hapo hewa iliyoingia kwenye mashine ilikuwa nyuzi 15 na iliyotoka ilikuwa nyuzi 41. Mtoto mdogo alivuta kiti akakiweka chini ya mashine, akainua uso wake na kufumba macho.

Kabla hatujaondoka nilimwonya mama kwamba kuna wakati mashine ya nje itasimama, ipige kishindo na kutoa wingu jeupe. Si moto. Barafu huganda kwenye koili, na vali ya njia nne hugeuza safari ya gesi kwa dakika chache ili kuiyeyusha. Usipowaambia watu hilo, watazima mashine kwa hofu na kurudi kwenye oveni.

Zile gramu 460 zilizopotea hazikuwa hasara ya mwenye nyumba peke yake. Kila gramu ya gesi ile ikifika angani hunasa joto zaidi ya mara 2,000 kuliko gramu ya kaboni dioksaidi. Ndiyo sababu Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali na kukubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo, na tangu 2025 viwanda vinavyouza Marekani vimelazimika kuhamia gesi nyepesi zaidi kwa mashine mpya za nyumbani. Hupenda kuwakumbusha wenzangu kazini makubaliano yale yanaitwaje. Nikimwambia baba, huuliza tu kama mafundi wa huku nao wameanza kutafuta tundu.

Wapo wanaotafuta na wapo wasiotafuta. Nimeona kwamba tofauti yao si vifaa, maana vifaa huku wanavyo wote. Tofauti ni kama fundi anaweza kukaa saa mbili kando ya pampu inayonguruma, mteja akimtazama, ili athibitishe jambo ambalo hakuna atakayelikagua.

Mzee ana desturi moja ninayoipenda. Akimaliza, hufungua kifuniko cha mashine ya nje na kuandika upande wa ndani kwa kalamu ya wino usiofutika. Siku ile alinipa kalamu mimi. Niliandika tarehe, 1,150, 380, 430, 15, 41. Hakuna jina, na hakuna lugha. Fundi atakayefungua kifuniko hicho baada ya miaka minane, awe ametoka wapi, atapima gesi na kulinganisha. Ikiwa pungufu, atajua haikuliwa.