Kulala 'ghorofani' juu ya gari: Pasua wanajua siri yake

Msomaji wangu, sisi watu wa mjini tunapenda ghorofa. Ukimwambia mshikaji umehamia ghorofani, hata kama choo ni cha watu kumi na maji hayapandi, atakuheshimu. Sasa kuna ghorofa nyingine ambayo haihitaji kiwanja wala kibali cha ujenzi: hema linalofungwa juu ya paa la gari. Unasimamisha mchuma, unafungua, unaegesha ngazi, unapanda, unalala. Asubuhi unakunja nyumba yako unaondoka nayo. Kodi hakuna, mwenye nyumba hakuna.

Wengi tumeyaona mahema haya kwenye barabara ya Arusha, juu ya magari ya wageni wanaojiendesha wenyewe kwenda mbugani. Limekunjwa kama sanduku, na Wazungu wawili chini yake wamevaa miwani. Kila nikiwaona nilikuwa najiuliza swali moja tu: hivi wale watu huko juu wanalala kweli, au wanavumilia mpaka kukuche?

Jibu nimelipata Moshi, tena Pasua.

Pasua si mahali pa kwenye kadi za posta. Ni kata ya Manispaa ya Moshi, upande wa chini wa mji, ambako joto linakaa na mbu wana adabu mbaya. Nyumba zimebanana, soko lina kelele tangu alfajiri, na bodaboda hawana saa ya kulala. Lakini Pasua ina mambo mawili. La kwanza, ukitoka nje asubuhi mapema kabla mawingu hayajajifunika, Kibo ileee, mita 5,895, nyeupe kichwani, utadhani imesogea usiku ikuangalie. La pili, ina mafundi. Wa kuchomelea, wa springi, wa turubai. Gari la mtalii likirudi limechoka, kuna uwezekano mkubwa likaishia mikononi mwa kijana wa mitaa kama hii.

Shangazi yangu anakaa huko, na mwanawe, yaani binamu yangu, ni dereva wa safari. Safari hii alikuwa na Land Cruiser ile ya mkonga, paa gumu lisilofunguka, na juu yake hema. Tulipolifungua uani ili fundi akaze bolti za keria, watoto wa mtaa mzima walijaa. Shangazi alitoka jikoni na mwiko mkononi, akatazama juu, akasema: "Nyumba zimekwisha hata mlale juu ya gari kama kuku?"

Nikamwambia, shangazi, huu si wazimu wa jana. Waitaliano walianza kuyatengeneza kwa ajili ya soko tangu mwaka 1958. Baadaye watu wa Afrika Kusini na Australia wakayapenda, maana huko kama hapa kwetu, kuna vitu vinavyotambaa na vitu vyenye meno. Shangazi akaguna. "Waitaliano hawana Pasua," akasema, akarudi jikoni.

PAA LINABEBA KIASI GANI?

Hili ndilo swali la kwanza la mtu yeyote mwenye akili timamu. Hema lenyewe lina kilo 50, 60 au zaidi. Weka watu wawili wa kilo 70, mmeshafika kilo 200. Paa halitabonyea?

Fundi, mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alinifafanulia vizuri kuliko kitabu. Uzito unaoandikwa na mtengenezaji kwa ajili ya paa ni wa gari likiwa linatembea: linapiga kona, linaruka mashimo, linafunga breki ghafla. Hapo hema tupu ndilo linalohesabiwa, na lisizidi. Gari likisimama, paa hilohilo linabeba zaidi, mradi keria iwe imara na uzito ugawanyike pande zote. "Paa halivunjwi na usingizi," alisema, "linavunjwa na matuta." Ndiyo maana bolti hukaguliwa kabla ya safari, na hukaguliwa tena baada ya kilomita chache za barabara ya vumbi.

Jambo jingine: ukibeba hema juu, gari linakuwa refu na zito kichwani. Kona za mlimani si za kujionyesha.

MLIMANI BWANA, SI MCHEZO

Tuliondoka mchana: binamu kwenye usukani, mimi na mdogo wangu wa kike nyuma, na kapu la shangazi katikati. Tukashika njia ya Boma Ng'ombe, tukakata kulia kwenda Sanya Juu, tukapanda mpaka Ngarenairobi, upande wa magharibi wa mlima. Huko mambo yanabadilika. Migomba inaisha, yanaanza mashamba makubwa ya ngano na viazi, misitu ya kupandwa, na upepo ambao haujui kubisha hodi. Tukapata sehemu ya kupiga kambi kwenye shamba la watu, tukalipa, tukaonyeshwa uwanja.

Mimi nilidhani kazi iliyobaki ni kufungua hema. Binamu alizunguka ule uwanja kwa miguu karibu nusu saa huku gari linanguruma. Kumbe hapo ndipo usingizi unapotengenezwa. Nakuorodheshea alichokuwa anatafuta, na sababu zake.

Kwanza, usawa. Hema la chini unaweza kuligeuza, la juu ya gari linafuata gari. Gari likiinama kidogo tu upande mmoja, usiku kucha mtabingirika mwenzako akutumie kama mto. Binamu alilaza chupa ya maji iliyojaa nusu juu ya boneti, akaangalia maji yameinama wapi, akatafuta jiwe bapa, akapandisha tairi moja juu yake. Akapima tena. Fundi mjenzi ana pima maji yake, dereva ana chupa. Kama mwinamo hauepukiki, basi kichwa kiwe juu na miguu chini. Kinyume chake, utaamka na kichwa kinagonga kama ngoma.

Pili, upepo. Mlimani mchana upepo hupanda kutoka tambarare, lakini usiku hewa ikipoa inakuwa nzito, inateremka kutoka juu kuja bondeni. Kwa hiyo usidanganyike na upepo wa saa kumi jioni. Binamu aligeuza pua ya gari kuelekea mlimani, mlango wa hema na ngazi vikawa nyuma, mahali palipojikinga. Mdogo wangu alilalamika kwamba tunakosa kivuli cha miti. Akajibiwa kwamba usiku hakuna jua.

Tatu, hiyo miti yenyewe. Mkaratusi hudondosha matawi bila taarifa. Tulikaa mbali nayo.

Nne, majirani. Tembo wa huku hupita kati ya Kilimanjaro na Amboseli ya Kenya kwa njia yao ya siku zote, Kitendeni. Huwezi kuwakataza, ila unaweza kuacha kuwaalika: ndizi, maembe na mabaki ya chakula visikae ndani ya hema wala chini ya ngazi. Wale waliowahi kulala Simba Campsite, ukingoni mwa Ngorongoro, watakwambia tembo hufika pale kunywa maji kwenye tangi kama mteja wa kawaida.

BARIDI HUTOKA CHINI

Kupanda mlima kuna hesabu yake: kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi kama 6. Mtu aliyetoka Pasua akiwa anajipepea kwa gazeti anafika Ngarenairobi anatafuta koti. Lakini wengi hukosea mahali pa kuweka blanketi. Wanajirundikia juu, chini wamelalia kigodoro cha sentimita tano. Sasa kumbuka, hema hili liko hewani. Upepo unapita chini ya sakafu yake, unaipoza, nayo inakupoza wewe.

Dawa ilikuwa kwenye kapu la shangazi, yule yule wa kuku: mkeka wa ukindu. Binamu akautandika chini ya godoro, juu ya godoro akatandika blanketi zito, ndipo tukalala sisi, na blanketi jingine juu. Mkeka unafanya kazi mbili. Unazuia baridi, na unaacha hewa ipite ili godoro lisilowe. Maana watu wawili wakihema usiku mzima ndani ya hema, wanatoa zaidi ya glasi moja ya maji. Maji hayo yanagota kwenye turubai baridi na chini ya godoro. Ndiyo maana dirisha halifungwi kabisa hata uwe unatetemeka vipi. Acha upenyo pande mbili, wavu ukiwa umefungwa.

Na hapa naomba tusitaniane. Kuna watu wakisikia baridi wanaingiza jiko la mkaa ndani. Usithubutu. Mkaa unaoungua hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni. Unajisikia kichwa kizito, usingizi mtamu, halafu basi. Hema si kubwa kama chumba, linajaa haraka. Jiko letu lilikaa nje, mbali na hema, likachemsha maji. Maji ya moto tukayatia kwenye chupa ya kufunga vizuri, tukaivisha soksi, tukaiweka miguuni. Ilikuwa bomba mbaya.

Na kabla sijasahau: ngazi. Shuka ukiwa umeigeukia, kama unavyoshuka kwenye mwembe, tochi ikiwa kichwani, si mkononi. Viatu viwe kwenye mfuko unaoning'inia mlangoni. Na mbege, ndugu zangu, mbege na ngazi havipatani. Kinywaji cha mwisho kiwe mapema, la sivyo utashuka mara nne.

NA DEREVA JE?

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike habari hii. Saa mbili usiku sisi tumejitayarisha kupanda, namuona binamu anashusha kiti cha mbele, anajikunja humo na koti lake. Nikamuuliza, wewe unalala wapi? Akacheka. "Dada, dereva analala kitini. Ndiyo kazi. Gari linataka mlinzi."

Nikamwambia aseme ukweli, anapata usingizi? Akanyamaza kidogo, halafu akanieleza. Gari linakaa juu ya springi. Kila mtu wa juu akigeuka, wa chini anatikiswa. Akishuka chooni, ngazi inagonga bodi, shokapu zinalia. Wageni wakiwa na furaha zao ndio kabisa. Asubuhi wanasema wamelala kama watoto, wanataka kuondoka saa kumi na mbili kamili, na yeye anashika usukani macho yakiwa na mchanga.

Hili si suala la huruma tu. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, macho na mikono yake hufanya kazi kama ya mtu mwenye pombe asilimia 0.05 katika damu. Yaani unaweza kulala kifalme juu ya paa, halafu ukaamka ukakabidhi roho yako kwa mtu ambaye ni kama amelewa bila kuonja kitu. Mlima ule tulioupanda, kesho yake lazima uteremkwe.

Basi mdogo wangu akapekua kapu. Chini kabisa, chini ya chapati na chupa ya chai, kulikuwa na blanketi la tatu, na chini ya viti kulikuwa na godoro jingine limefungwa kamba. Binamu akashangaa, yeye mwenyewe hakujua. Tukampigia shangazi simu. Jibu lake lilikuwa fupi: "La huyo dereva wenu. Usukani haushikwi na waliolala juu."

Binamu alikuwa na kihema kidogo cha chini nyuma ya gari, cha akiba. Tukakisimamisha hatua kumi hivi kutoka kwenye gari, tukafunga milango, tukatia mawe kwenye matairi. Alibisha kidogo kuhusu ulinzi. Tukamwambia sisi tuko ghorofani, tunaona mbali. Dakika kumi baadaye alikuwa anakoroma hadi nikaogopa tembo watamjibu.

Nasi tukalala. Jibu la swali langu ni ndiyo, wale watu wanalala, tena sana, kama ardhi ni sawa, pua iko kwenye upepo, mkeka uko chini na dirisha liko wazi kidogo. Saa kumi na mbili asubuhi nilifungua zipu. Shira imetulia, Kibo nyuma yake inabadilika rangi, na nyasi zimeloa umande mpaka chini ya gari. Binamu alikuwa ameshaamka, anachemsha chai, anapiga mluzi. Kwa miaka yake yote ya kazi, alisema, hajawahi kupiga mluzi saa ile.

Kwa hiyo kijana mwenzangu, mkichanga na washikaji mkakodi gari la hivyo, msiulize tu hema lina godoro la aina gani. Ulizeni dereva analala wapi. Kama jibu ni "kitini", ongezeni kihema na blanketi moja kwenye bajeti kabla hamjaongeza kreti. Na mkilikunja asubuhi likiwa limeloa, lifungueni tena juani mkifika mjini. Turubai likikaa na maji siku mbili linaota ukungu, na harufu yake haitoki kwa uturi.

Haya, wiki ijayo tukutane tena hapahapa. Laleni salama, wa juu na wa chini.