Mvule kwa Vidole

Mvule una vinyweleo vikubwa. Pitisha kucha juu ya mbao yake na utavisikia, kr-kr-kr, kama kucha juu ya kitana. Halafu nyuzi zake hazilali upande mmoja. Utepe huu umelalia kulia, jirani yake amelalia kushoto, kwa hivyo patasi inayomlaza mmoja inamng'oa mwingine. Ndiyo maana kuukereza mvule hadi uwe laini si mchezo.

Kipande nilicho nacho ni cha tawi lililoangushwa na upepo nyumbani kwa Kukhu, Busia. Kilikaa miaka mitatu ghalani kikikauka. Matawi mengine yaliishia jikoni, kwa hivyo hakuna cha kujaribia. Kukhu ana presha ya macho. Siku hizi anaona mwanga na vivuli, basi. Tangu niache chuo, watu wa nyumbani huniuliza nitarudi lini. Yeye huuliza, "Mikono yako inafanya nini siku hizi?" Nimeamua kumjibu kwa bakuli.

Shida ni kwamba ujanja mwingi wa kazi ya mbao ni wa kudanganya macho. Paka vanishi mara tatu na bakuli litang'aa hata kama chini yake kuna vita. Lakini funga macho ulipapase: utakuta mahali pawili panakwaruza, na panatazamana. Bakuli hukatwa kutoka kwa ubao uliolala, kwa hivyo katika kila mzunguko patasi hukutana na ncha za nyuzi mara mbili. Hapo ndipo nyuzi huchanika, na mpasuko huingia ndani kuliko unavyodhani.

Mzee anayenikodishia mashine Kariobangi aliniangalia nikihangaika na mahali hapo, akacheka. "Kijana, msasa si pasi. Ukiona unabonyeza hivyo, jua patasi yako ni butu."

Basi nikanoa. Nikapaka spiriti yenye shelaki kidogo kwenye zile sehemu mbili ili nyuzi zikakamae, zisimame zikatwe badala ya kulala na kung'oka. Upande wa nje nikakata kutoka kitako kwenda mdomoni, ndani nikatoka mdomoni kwenda katikati, ili kila uzi uwe na mwenzake wa kuushikilia kwa nyuma. Mkono polepole, unyoya mwembamba. Ulaini wote ulianzia hapo. Msasa ulikuja kumalizia tu.

Msasa nao una foleni yake: 120, 180, 240, 320, 400. Kila namba inafuta mikwaruzo ya ile iliyotangulia. Ukiruka moja, mikwaruzo itakungoja hadi upake mafuta, ndipo ijitokeze. Kila nilipomaliza namba nilizima mashine na kusugua kwa mkono kufuata nyuzi, kisha nikafumba macho na kupapasa. Maski sikuivua. Vumbi la mvule linawasha ngozi na kifua, na mzee ana kikohozi ambacho hapendi kukizungumzia.

Kisha likaja swali la vinyweleo. Vinaweza kuzibwa: unamwaga mafuta ya kitani, unasugua na msasa wa 400, vumbi na mafuta vinakuwa uji unaoingia kwenye vishimo. Unapangusa ukikata nyuzi, usije ukauchomoa uji ulioupanda, unaacha ukauke, unarudia. Mzee alitaka nizibe kote. "Hiyo bakuli iwe kama kioo. Mteja anapenda kioo."

Nimeziba ndani, mara tatu, kwa sababu humo njugu zitakaa na vidole vitazunguka kutwa. Nje nimepaka mafuta tu na kuacha vinyweleo wazi. Hakuna kilichochanika wala kinachokwaruza, lakini mistari ipo, mirefu na myembamba, na kidole kinaisoma. Kukhu ameuegemea mti ule tangu aolewe. Nikizifuta alama zake zote, nitakuwa nimempelekea plastiki nzuri sana.

Basi ya Busia inaondoka saa mbili usiku. Kama kuna mahali panakwaruza ambapo vidole vyangu havijapaona, vyake vitapaona, na ataniambia mbele ya watu wote. Yeye si mteja. Hatanibembeleza.