Mzazi Anapoitwa Shuleni

Sisi tunaofundisha twajua jinsi barua ya wito inavyopokewa nyumbani. Baba huiona kama hati ya mashtaka, mama huiona kama habari ya msiba. Mara nyingi kikao huharibika kabla hatujaonana.

Wapo wazazi wanaoingia ofisini wakiwa tayari wamekata shauri: "Mwanangu namjua, hawezi." Wapo pia wanaofungua mkanda mlangoni, wakataka kumwadhibu mtoto mbele yetu, ili tuone kwamba nyumba yao ina adabu. Hawa na wale hukutana mahali pamoja: hakuna amwulizaye mtoto lililomsibu.

Mwaka uliopita tulimwita mama wa kijana wa kidato cha pili. Kwa wiki tatu kijana alitoka nyumbani na sare, wala hakufika darasani. Mama hakupaza sauti. Aliomba daftari la mahudhurio, akalipitia siku baada ya siku, kisha akamwuliza mwanawe alikokuwa. Kijana akajibu kwamba alikuwa akibeba mizigo sokoni. Baba yake alikuwa mgonjwa, duka limefungwa, na fedha alizozipata alimkabidhi bibi ili ziingie jikoni bila mama kujua.

Mama alifuta machozi, lakini hakuuhalalisha utoro. Alimwambia mbele yetu: "Umetusaidia, Mwenyezi Mungu akulipe. Lakini umetudanganya, na uongo haukai katika nyumba hii." Tukakubaliana: shule siku za masomo, soko Jumamosi, na mama kupita shuleni kila Ijumaa kutazama daftari. Kijana yuko darasani hadi leo. Laiti angepigwa siku ile, tungeondoka na kilio chake, na ukweli angebaki nao mwenyewe.

Suratul Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Hilo latuhusu walimu na wazazi wakali. Suratun Nisaa, aya ya 135, yatutaka tusimamie uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Hilo lamhusu mzazi mtetezi. Hata sheria ya nchi yetu haikuiachia hasira fimbo: kanuni zataka kiboko cha shuleni kitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, nacho kiandikwe kitabuni. Ikiwa shule imewekewa mipaka hiyo, mkanda wa mlangoni una hoja gani?

Basi, ndugu zetu wazazi, mkiitwa njooni na maswali kabla ya hukumu. Mwacheni mtoto aseme hadi amalize. Na yaliyosemwa ofisini yasifike barazani wala msikitini, kwani mtoto aliyesitiriwa hupata njia ya kurejea, na aliyeanikwa huona hana tena cha kulinda.

Wabillahi tawfiq.